Barua ya Wazi kwa Wanaopanga Nairobi Railway City: Tengeni Magodauni Yawe Bewa la Sanaa la Eastlands

Kwa Mamlaka inayosimamia mradi wa Nairobi Railway City, Shirika la Reli la Kenya, na Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu majengo makuukuu ya kazi yaliyosalia katika ardhi ya reli: magodauni, karakana na mabohari yaliyomo ndani ya zile ekari 425 za katikati ya jiji mnazozipanga upya ziwe mtaa wa ofisi, hoteli, maduka na nyumba, na mengine yaliyo mpakani mwake kuelekea Muthurwa, Landi Mawe na Eneo la Viwanda. Naomba sehemu ya majengo hayo isibomolewe wala isiuzwe, bali itengwe iwe bewa la sanaa la Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji. Nasema bewa kwa sababu studio moja haitoshi. Panahitajika pahali pa kuchora, kuchonga, kuchomelea, kurekodi muziki, kufanyia mazoezi ya dansi na maigizo, kufundishia na kuonyeshea kazi, pote pakiwa ndani ya ua mmoja, na mtoto wa Kaloleni au Shauri Moyo aweze kufika kwa miguu. Naomba pia mkataba wa ardhi hiyo uandikwe kabla ya ramani yoyote kuchorwa, na sababu za kutanguliza mkataba nitazieleza.

Sizungumzi kwa niaba ya chama chochote. Mimi ni mchongaji wa vyuma. Nililelewa Makongeni, katika nyumba zilizojengewa wafanyakazi wa reli, baba akiwa fundi wa mabehewa. Kuchomelea nilifundishwa Kamukunji na mafundi wa jua kali, watu wanaokunja bati likawa sanduku la shule kwa nyundo na macho tu. Karibu kila nikijuacho kuhusu chuma kilitoka kwa reli au kwa Kamukunji, kwa hiyo mtanivumilia nikikaa sana kwenye habari za karakana.

Jiji hili lilianza kama karakana. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa Mei 1899, kwenye tambarare yenye majimaji ambayo Wamaasai waliiita kwa jina la maji yake baridi. Wahandisi waliona kwamba hapa ndipo penye ardhi bapa ya mwisho kabla ya kupanda na kisha kuteremka Bonde la Ufa, wakaweka bohari na karakana ya kutengenezea injini, na makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa. Mji ukafuata. Zaidi ya watu 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga njia hiyo, na karibu 2,500 kati yao walikufa kabla haijafika Kisumu mwisho wa mwaka 1901. Baada yao wakaja baba zetu na babu zetu kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na Kati, wakawa wachochea moto, mafundi wa breki, wapaka rangi, watandika mataruma. Majina yao mengi hayamo kwenye kitabu chochote. Kilichobaki cha kuonyesha kwamba walikuwepo ni kuta walizofanyia kazi, na alama za nyundo kwenye mihimili.

Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yametunza sehemu ya historia hiyo vizuri. Ipo ile injini kubwa ya mvuke, Mount Gelai, nambari 5918, ya aina iliyokuwa na nguvu kuliko zote duniani kwenye reli za upana wa mita moja. Lipo behewa ambalo simba aliingia usiku pale Kima mwaka 1900 akamtoa nje afisa wa polisi. Watoto wa shule huja kwa mabasi kuyatazama. Na ndani ya uwanja huo huo wa makumbusho, bila kelele nyingi, wasanii wamekuwa wakifanya kazi kwa miaka. Mchoraji Patrick Mukabi aliweka studio yake hapo, Dust Depo, na vijana wengi wanaochora leo Nairobi walishika brashi kwa mara ya kwanza mbele yake. Wachora kuta nao walipata pa kujizoeza kwenye mabehewa yasiyotumika. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, wakati watu walikuwa bado na kumbukumbu ya damu ya 2007 na 2008, wasanii wa grafiti waliruhusiwa kupaka ujumbe wa amani kwenye treni ya abiria ipitayo Kibera. Nataja hayo ili muone kwamba sanaa si mgeni anayebisha hodi kwenye ardhi ya reli. Imeshakaa humo, ila imekaa kwa hisani. Siku hisani ikiisha, itaondoka na ndoo zake za rangi.

Sasa niseme kwa nini hasa godauni, maana naweza kuulizwa kwa nini tusijengewe kituo kipya chenye vioo na marumaru. Godauni la zamani lina mambo ambayo msanii hawezi kuyapata kwa kodi ya kawaida. Paa liko juu, mita sita, saba, nane. Nguzo ziko mbalimbali kwa sababu palihitajika nafasi ya kugeuzia behewa au kupakulia lori. Sakafu ilimwagwa kubeba tani, kwa hiyo ukiangusha kipande cha reli haipasuki. Milango ni mipana. Karakana nyingi zina mihimili ya winchi, na nyingine zina madirisha marefu chini ya paa yanayoingiza mwanga laini usiochoma macho mchana kutwa. Umeme wa fezi tatu ulishafika huko zamani, na bila huo mashine nzito za kuchomelea hazifanyi kazi. Halafu kuna kelele: pale hakuna jirani wa ghorofa ya juu wa kulalamika ukipiga nyundo au ngoma saa tatu usiku. Wachongaji wengi wa mitaa yetu wanafanya kazi kwenye ploti, nje ya mlango wa chumba cha futi kumi kwa kumi, wakiomba mvua isinyeshe. Mtu anapewa kazi ya sanamu ya mita nne, anaikata vipande vitatu ili ipite langoni, kisha anaunganisha upya barabarani chini ya macho ya askari wa kaunti. Kazi kubwa haziwezi kuzaliwa namna hiyo. Kipaji kipo, kinachokosekana ni mita za ujazo.

Nairobi ina ushahidi wake mwenyewe kwamba jambo hili linawezekana. Mwaka 2003, kwenye barabara ya Dunga katika Eneo la Viwanda, Joy Mboya na wenzake walichukua godauni lililokuwa gereji ya kutengenezea magari wakaligeuza kuwa GoDown Arts Centre. Kuona Trust, iliyokuwa ikilea wachoraji na wachongaji pale Makumbusho ya Taifa tangu 1995, ilihamia hapo ikakaa miaka kadhaa. Wacheza dansi walipata ukumbi. Ketebul Music ikaweka studio yake hapo, na kutoka chumba hicho tukapata kazi kubwa ya kuwatafuta na kuwarekodi wakongwe wa benga na mitindo mingine waliokuwa wamesahaulika vijijini. Mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, GoDown ilitundika picha za wapiga picha wetu katika maonyesho yaliyoitwa Kenya Burning, na watu waliokuwa wakigombana barabarani wiki chache kabla wakasimama pamoja mbele ya picha hizo, wengine wakilia. Sidhani kama ukumbi wenye zulia na mlinzi wa sare ungewapokea watu hao. Lile lilikuwa godauni; mtu aliingia na viatu vya kazi. Mwaka 2013 kituo hicho kikaanzisha tamasha la Nai Ni Who?, ambamo wakazi wa mitaa mbalimbali waliwatembeza wengine mitaani kwao na kuwaeleza maisha yao kwa maneno yao wenyewe.

Godauni moja lilifanya hayo yote, na jiji hili lina zaidi ya watu milioni nne. GoDown yenyewe iliamua kujenga jengo jipya kubwa kwenye kiwanja chake, na ninawatakia heri kwa moyo wote. Lakini kituo kimoja, hata kikiwa kizuri namna gani, hakiwezi kubeba Eastlands nzima. Angalieni ramani ya mahali sanaa ya kisasa inapoonyeshwa Nairobi. Utapanda hadi Lavington, hadi Rosslyn. Taasisi ya sanaa ya kisasa ya Nairobi (NCAI), aliyoianzisha mchoraji Michael Armitage na ambayo naiheshimu sana kwa maonyesho yake ya walimu wa sanaa ya Afrika Mashariki, iko ndani ya jengo la maduka Rosslyn. Kijana wa Jericho akitaka kuona picha ya mtu aliyekulia mtaa kama wake atapanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi, na akifika atajihisi amevaa vibaya. Cyrus Kabiru amepeleka miwani yake ya takataka na vyuma chakavu kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Waulizeni watoto wa Eastlands wangapi wameiona kwa macho yao.

Nimefika kwenye mkataba, na hapa nitakaa kidogo.

Miaka iliyopita tulikuwa kundi la wasanii tuliokodi godauni kuukuu Eneo la Viwanda, lililokuwa tupu muda mrefu. Lilikuwa na popo, mafuta sakafuni na mabati yaliyotoboka. Tulilisafisha, tukaziba paa, tukavuta maji, tukapaka chokaa. Wageni wakaanza kuja, mgahawa ukafunguliwa ng'ambo ya barabara, na magari mazuri yakaanza kuegeshwa Jumamosi. Mwenye godauni naye akaja akaona. Kodi ikapandishwa mara mbili, kisha tukapewa notisi, kwa sababu mkataba wetu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja na hapakuwa na kifungu cha kutulinda. Hatukuwa na pa kukata rufaa. Thamani tuliyoiongeza kwa mikono yetu ndiyo iliyotufukuza.

Mkidhani hayo ni ya kwetu tu, tazameni Beijing. Kiwanda nambari 798, kilichojengwa miaka ya 1950 kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki ili kutengeneza vipuri vya elektroniki, kilipoacha uzalishaji wasanii waliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu kodi ilikuwa ndogo. Mahali pakavuma dunia nzima, serikali ya jiji ikapalinda pasibomolewe, na hata hivyo kodi ikapanda hadi wasanii wengi wakahama. Majengo yamebaki mazuri sana, lakini waliokuwa wakifanya kazi humo wako kwingine. Au tazameni Johannesburg, eneo la Maboneng, lililoanza mwaka 2009 na mabohari yaliyogeuzwa studio na majumba ya maonyesho. Kwa miaka kadhaa liliandikwa kwenye magazeti kama ndoto iliyotimia, wakati majirani maskini wa Jeppestown wakiandamana kwa hofu ya kufukuzwa kwenye majengo waliyokuwa wakiishi. Mwaka 2019 kampuni iliyoendesha mradi ilifilisika, majengo yakaenda mnadani. Kote kuwili mbunifu wa majengo alifanya kazi nzuri. Kilichokosekana ni karatasi inayosema ardhi hii ni ya nani, kwa miaka mingapi, na kodi haitazidi kiasi gani.

Waliofaulu walianza na karatasi hiyo, au waliipigania wakaipata. Kule Marseille, Ufaransa, kiwanda cha tumbaku cha mtaa wa Belle de Mai kilifungwa mwaka 1990, na wasanii wakaingia miaka miwili baadaye. Mtaa ule ni kati ya mitaa maskini zaidi ya Ufaransa. Walikaa kwa muda bila uhakika, kisha mwaka 2007 wakaunda ushirika ambamo wasanii, wafanyakazi na jiji lenyewe wana hisa na kura, na jiji likaukodisha ushirika huo majengo kwa miongo kadhaa. Leo La Friche, kama inavyoitwa, ina mita za mraba 45,000 hivi za studio, kumbi, mahali pa kulelea watoto, uwanja wa michezo na mgahawa, na wenyeji huingia bila kuulizwa wanatafuta nini. Sisi watu wa sacco na vyama hatuhitaji kufundishwa ushirika ni nini. Tunachohitaji ni mtu wa upande wenu wa meza wa kutia sahihi.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote uko São Paulo, Brazili. Shirika la SESC lilinunua kiwanda kikuukuu cha mapipa katika mtaa wa Pompéia. Mwaka 1977 walimpa kazi mbunifu Lina Bo Bardi. Alipokwenda kukitazama Jumamosi moja aliwakuta watoto wakikimbia, vijana wakicheza kandanda, akina mama wakichoma nyama, kumetundikwa jukwaa dogo la vikaragosi. Watu wa mtaa walikuwa wameshaanza kukitumia. Badala ya kuwatoa ili ajenge, aliamua kwamba kazi yake ni kulinda kile alichokikuta, akaongeza tu kilichopungua: karakana za ufinyanzi na useremala, maktaba, ukumbi wa maigizo, meko, na kijito cha maji ndani ya ghala kuu. Kilifunguliwa mwaka 1982, na hadi leo wazee huenda hapo kucheza sataranji na kusoma magazeti mezani. Muhimu zaidi kwenu ni jinsi kinavyolipiwa. SESC hupata fedha zake kutokana na tozo ya asilimia 1.5 ya mishahara inayolipwa na kampuni za biashara na huduma nchini humo, kwa hiyo hakingoji mfadhili wa kutoka ng'ambo kuamka na huruma. Nairobi tumezoea kuendesha sanaa kwa ruzuku za miaka miwili miwili kutoka balozi na wakfu za kigeni. Ruzuku ikiisha, taa zinazimwa.

Hapa kwetu njia inaweza kuwa hii. Railway City itakuwa na ofisi, hoteli, maduka na nyumba za kuuza. Kila jengo la biashara litalipa ada ya huduma za pamoja: usalama, usafi, taa za barabarani. Wekeni sehemu ndogo ya ada hiyo, iandikwe kwenye hati ya kila kiwanja tangu siku ya kwanza, iende kwa ushirika wa bewa la sanaa. Wapangaji wa maghorofa watanufaika na mtaa ulio hai chini yao, nao watachangia. Ni rahisi kuandika sharti hilo leo kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa, na ni vigumu sana miaka kumi baadaye.

Najua mtasema ardhi ya katikati ya jiji ni ghali mno kuiacha iwe na mchongaji na matofali makuukuu. Jibu langu ni kwamba ardhi hiyo ni ya umma, na Katiba ya 2010 haikuiacha sanaa kama pambo. Ibara ya 11 inautaja utamaduni kuwa msingi wa taifa na inaiagiza Serikali kukuza sanaa. Jedwali la Nne linazipa kaunti kazi ya makumbusho, maktaba na vifaa vya utamaduni na burudani, kwa maneno ya wazi. Serikali ya Kaunti inatekeleza wajibu huo wapi katika Eastlands? Zipo kumbi za zamani za mitaa, zilizojengwa kabla ya Uhuru, na walimu wa dansi na maigizo wanazitumia kadiri wanavyoweza. Katika miaka sitini ya kujitawala tumeongeza nini juu ya hizo?

Kuna jambo jingine gumu, na hili halisemwi vya kutosha na wasanii wenzangu. Majengo ya reli na viwanda hayaingiliwi tu kwa ufagio. Mengi ya umri huo yaliezekwa kwa asbesto, ambayo ikivunjwa ovyo hutoa vumbi la kuua mapafu baada ya miaka mingi. Rangi za zamani zina madini ya risasi yenye sumu. Udongo wa yadi umekunywa dizeli na grisi, na mataruma ya mbao yalipakwa kreosoti, dawa yenye sumu inayozuia mchwa. Sitaki mtoto akae sakafuni kuchora mahali pa namna hiyo. Udongo upimwe, asbesto iondolewe na watu wenye vibali na mavazi ya kazi hiyo, na yadi ifukuliwe pale inapobidi, kabla mtu yeyote hajakabidhiwa ufunguo. Gharama hiyo ni ya mwenye ardhi aliyeichafua. Isije ikatupiwa ushirika wa wasanii kwenye kifungu kidogo mwishoni mwa mkataba. Tena jengo likionekana limeoza kupita kiasi, libomolewe. Sidai kila bati litunzwe. Kuna vibanda pale havina la kutunza, vilisimamishwa kwa haraka na vitaanguka kwa haraka. Karakana zenye mihimili mizima, kuta za mawe na milango ya mabehewa ndizo ninazozililia.

Bara letu lina watu waliokwisha kuonyesha njia, na sina haja ya kutaja Ulaya tena. Huko Tamale, kaskazini mwa Ghana, msanii Ibrahim Mahama alinunua ghala la nafaka la saruji lililojengwa enzi za Nkrumah na kuachwa, akalifanya pahali pa sanaa na masomo. Kwenye bewa lake jingine mjini humo ameweka ndege za zamani zikawa madarasa, na watoto wa vijijini wanakuja bure. Alitumia fedha alizopata kwa kuuza kazi zake ng'ambo. Na Lubumbashi, ambako wenzetu wanazungumza Kiswahili chao cha Katanga, wasanii wa kundi liitwalo Picha waliishi na kukua chini ya bomba refu la moshi na kilima cheusi cha masalia ya shaba vilivyoachwa na kampuni ya migodi ya Union Minière, na tangu mwaka 2008 wamekuwa wakiandaa maonyesho makubwa ya kimataifa katika mji huo. Mmoja wao, Sammy Baloji, alichukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi akazipandika juu ya picha za viwanda vilivyokufa, ukaona wafanyakazi hao wamesimama tena mahali pa kazi yao. Nilipoiona kazi hiyo nilimfikiria baba na wenzake wa zamu. Karakana zetu hazijapata wa kuzifanyia hivyo, na zikibomolewa hatakuwa na pa kusimama akipatikana.

Nina hofu pia, na siifichi. Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa nchi hii, aliiuzia Serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na sehemu kubwa ya hazina yake ya sanaa na vitabu, akitarajia pawe taasisi ya utafiti wa Afrika. Nyumba iliachwa ikaharibika, ikavunjwa, na ardhi ikagawanywa, naye akiwa hai akiyaona. Nawaomba mlitaje jina lake mezani mtakapojadili barua hii, ili yeyote atakayesema "tutatenga baadaye" aulizwe nani atahakikisha.

Kwa hiyo nawaomba mfanye yafuatayo, na nayasema kwa unyenyekevu. Chapisheni orodha ya majengo yote ya zamani yaliyomo kwenye eneo la mradi na mpakani mwake, umri wake, hali yake na mnachokusudia kulifanyia kila moja. Simamisheni ubomoaji hadi orodha hiyo ijadiliwe na umma. Watu wa Makumbusho ya Taifa waje wayakague chini ya sheria ya urithi ya 2006. Kisha mtenge kundi moja la karakana, lililo karibu zaidi na Muthurwa na Landi Mawe, likodishwe kwa ushirika wa wasanii na wakazi kwa miaka isiyopungua 45, kodi ikiwa ya kufunika matunzo tu, na kifungu kinachokataza ushirika wenyewe kuuza au kukodisha kwa faida. Viti vya bodi vigawanywe hivi: theluthi moja wasanii, theluthi moja wakazi wa mitaa jirani, na theluthi iliyobaki iwe ya Kaunti, Shirika la Reli na wachuuzi wanaofanya kazi kandokando. Wachuuzi wa Muthurwa na mafundi wa Kamukunji wasisahauliwe. Vyuma vyetu tunavinunua kwao, na kijana anayejifunza kuchonga atajifunza kwao kwanza. Wasanii wanaofanya kazi sasa hivi kwenye uwanja wa Makumbusho ya Reli waandikiwe barua ya kuwahakikishia nafasi katika bewa hilo, waihifadhi.

Kuhusu kuwasikiliza wananchi, kikao kisifanyike hotelini asubuhi ya siku ya kazi, kwa Kiingereza, na ramani ikionyeshwa ukutani kwa dakika kumi. Njooni Ukumbi wa Kaloleni. Ni pale ambapo Aprili 23, 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama mbele ya mkutano wa pamoja wa Waafrika na Wahindi akadai uhuru wa Afrika Mashariki, na wiki chache baadaye akakamatwa na kuwekwa kizuizini miaka kumi na moja. Watu wa mitaa hii wanajua kukaa mkutanoni na kusema wanalotaka. Njooni Jumamosi alasiri, tuzungumze Kiswahili, na ramani zibandikwe ukumbini mwezi mzima kabla ya siku hiyo ili mama anayetoka Gikomba na mzigo wake wa mitumba apate muda wa kuzisoma. Mkituambia tarehe, sisi tutapanga viti na kuwaita wakazi, na nitaleta vijana wa karakana yangu wawaonyeshe wanachoweza kufanya kwa mabaki ya reli. Jibu lenu lielekezwe kwa ukumbi huo, libandikwe kwenye ubao wa matangazo ulio mlangoni, kila mtu alisome.

Wenu kwa heshima,

Mchongaji wa vyuma, mtoto wa Makongeni
Nairobi